Siku Niliyompeleka Bosi Katindiuka

Alhamisi. Ukungu umechelewa kuondoka, matope ya masika yameanza kukauka, na mimi nimeamka na moyo mzito.

Leo nimempeleka Bosi.

Bosi ni dume wetu wa ng'ombe hapa Michenga. Mama yake alikufa mwaka wa mafuriko, yeye akiwa na siku nne tu, nikamlea kwa maziwa ya chupa. Sasa ana miaka sita na shingo pana kama mlango, lakini akisikia sauti yangu bado anakuja kudai pumba za mpunga. Watu wanamwogopa. Mimi ananilamba kiwiko.

Kosa ni langu, acha niseme. Mabinti zake wameshakuwa mitamba, tayari kupandwa, na kila mfugaji anajua dume hakai zizi moja na mabinti zake. Mume wangu, aliyekulia na ng'ombe Usukumani, alitaka tubadilishane madume na Mama Kulwa wa Katindiuka tangu mwaka jana. Nikasema tusubiri mvua. Mvua zikaja, nikasema tusubiri zikatike. Dume naye hajui binti wala shangazi. Wiki iliyopita mtamba mmoja alizaa ndama dhaifu, hata kunyonya hakuweza. Akafa siku ya pili. Nilimzika mwenyewe, maana niliona aibu kumwachia mtu kazi hiyo.

Mtaalamu wa mifugo amepima damu ya madume wote wawili. Wazima. Nimeishiwa visingizio.

"Mama Neema, huyu anakusikiliza wewe tu," mume wangu aliniambia. "Ukikataa, hatoki."

Basi nikatangulia na ndoo ya pumba. Bosi alinifuata njia nzima bila kamba, akihema mgongoni kwangu, nami nikimpigia porojo za shamba ili nisilie.

Nilipomwamkia shikamoo, Mama Kulwa alinitazama machoni akacheka. "Marahaba mwanangu. Huku kuna majike kumi na nane wanamsubiri. Atakayekonda ni wewe."

Dume wake mwekundu mume wangu amemswaga mpaka kwetu. Mzuri kweli, ila hataki nimkaribie. Najua tumefanya vizuri. Ndama wajao watakuwa na nguvu.

Kinachonisumbua ni pale langoni. Bosi alisita kuingia zizi geni, nikamwita kwa jina. Akaingia mara moja. Kisha nikafunga lango, mimi nikiwa nje.

Je, akisikia sauti yangu tena, atakuja?