Kiungo Aliyekatazwa Kukimbia

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka saa kumi na moja kama mazoezini. Nimevaa raba. Nimekaa kitandani na raba miguuni. Nimevua.

Sikimbii. Daktari wa moyo kule Dar amekataza. Hata kuruka kamba, hata kupanda ngazi kwa haraka. Kutembea tu. Anataka moyo upumzike kabisa, halafu apime tena mwisho wa mwezi. Ukuta wa moyo wangu ni mnene kuliko kawaida. Anasema inaweza kuwa ni mazoezi ya miaka mingi tu, wachezaji wengi huwa hivyo, na wakipumzika ukuta unarudi. Au inaweza kuwa ugonjwa wa kurithi. Ule unaoangusha mchezaji katikati ya uwanja, watu wanatazama.

Kama ni huo, basi. Nina miaka ishirini na saba na sijui kazi nyingine.

Hapa nyumbani Lipangalala, Ifakara, nimesema ni goti. Mama ameniwekea maji ya moto na chumvi. Nimekaa nimeloweka goti zima kabisa.

Mchana Katindiuka, shambani kwa mama. Wanavuna mpunga. Nimekaa juu ya gunia kama bwana mkubwa. Mvunaji mmoja akauliza kama kiungo wa ligi kuu hawezi kushika mundu. Nimecheka nao. Ndani sikucheka.

Jumatano, 11 Juni

Kocha amepiga simu. Mkataba mpya upo, jina langu lipo, lakini klabu haisaini bila daktari kuruhusu. Aliongea vizuri. Angeongea vibaya ningekasirika, ingekuwa nafuu. Wameshaanza kutafuta kiungo mwingine. Hakusema. Nimejua kwa alivyonyamaza.

Daktari naye ametuma ujumbe. Anakumbusha swali lake: kuna ndugu wa damu aliyewahi kufa ghafla? Upande wa mama na upande wa baba. Pande zote mbili, amesisitiza.

Upande wa mama nawajua wote. Wandamba wa hapa hapa. Babu na bibi walikufa wazee, wajomba wapo. Upande wa baba simjui hata mmoja. Baba alikuwa Msukuma, alikuja bondeni na ng'ombe wa kwao. Alikufa nikiwa na miaka sita. Sijawahi kuuliza alikufa na nini. Unaanzaje kuuliza.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia mama ukweli. Tulikuwa uani, anachagua mchele. Hakulia. Aliendelea kutoa chuya moja moja. Kisha akasema:

"Baba yako alianguka."

Nikamuuliza alianguka vipi.

"Sijui, Deo. Nilikuwa nimesharudi huku kwa wazazi. Alikuja mtu na baiskeli akasema Masunga ameanguka machungani, amekufa. Hakuwa anaumwa."

Alianguka. Hakuwa anaumwa. Kijana wa miaka thelathini na kidogo.

Naogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya bure. Nimeshika mshipa wa shingo tangu asubuhi. Kadiri ninavyoushika ndivyo unavyokwenda mbio.

Jioni nimepita uwanjani. Watu wanacheza, wameniita, nimesema goti. Mpira ukanijia. Nikautuliza, nikaurudisha. Pasi moja. Halafu nikasimama kusikiliza kifua changu kama mwizi anayesikiliza mlango.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa mjomba Fabiani, kaka yake mama, amekuja kula kwetu. Nimesema nataka kuvuka mto nikawatafute watu wa baba. Ameweka kijiko chini.

Ng'ombe wao waliingia shambani kwake mwaka ule. Mpunga ulikuwa unatoa masuke. Kulipokucha hapakuwa na kitu, matope na kwato tu. Ndipo alipomfuata dada yake akamrudisha nyumbani, na mimi nikiwa mdogo. Habari hiyo naijua. Inasimuliwa kila mavuno.

"Hawakuja kukutafuta hata siku moja," amesema. "Leo unawafuata wa nini?"

Nimesema daktari anataka kujua. Mjomba akafungua mdomo. Mama akamwahi: "Aende." Basi, mjomba akarudi kwenye sahani yake.

Mama amenitajia kijiji, mbele ya Lupiro, na jina la dada yake baba. Minza. Sikuwahi kumsikia akilitamka.

Ifakara nimekua nikiitwa Msukuma. Nikipoteza mpira, Msukuma. Nikifunga, mtoto wetu. Haliniumi tena. Lakini leo nimewaza, huko ng'ambo wataniita nani?

Jumanne, 17 Juni

Naandika haraka kabla sijasahau hata kidogo.

Nimechukua bodaboda asubuhi. Tumepita daraja la Kivukoni, chini wavuvi wanakung'uta nyavu. Dereva alinitambua, akaongea mpira njia nzima. Kila tuta nimeshika kifua.

Kijijini ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Nikauliza watu kama wanamjua Minza, dada yake Masunga. Mwanamume mmoja mwenye fimbo akanitazama sana. Akauliza mimi nani. Nikasema mtoto wa Masunga.

"Najua," akasema. "Nilitaka useme mwenyewe."

Kumbe ni Kulwa, mtoto wa shangazi Minza. Amenipeleka kwao kwa miguu. Nilimwomba twende taratibu, na hakuuliza sababu.

Shangazi ni mrefu, ana paji langu la uso. Nimemwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alinishika mashavu kwa mikono miwili akanigeuza huku na huku, kama mtu anayekagua mtungi kabla ya kununua. Ndipo akasema marahaba.

Wananijua. Hilo ndilo sikulitegemea. Wanasikiliza mechi zangu redioni, hata machungani. Kulwa anakumbuka penati niliyokosa ambayo mimi mwenyewe nimeisahau. Anasema mtangazaji akitaja Masunga, boma zima linanyamaza. Miaka yote hiyo nacheza nikidhani ng'ambo ya mto hakuna mtu wangu.

Nikauliza mbona hawakuja.

"Mama yako hakuja kumzika mume wake," shangazi akasema. "Tukajua hamtutaki."

Nikauliza nililojia. Baba alikufa na nini? Akanishangaa.

"Hukuambiwa? Radi, mwanangu. Masika ile. Ilimpiga yeye na ng'ombe aliosimama nao."

"Si moyo?"

"Moyo gani! Yule alikuwa anavuka mto amening'inia mkia wa dume, anaimba."

Nimecheka. Halafu nikalia, mtu mzima, mbele ya watu nisiowajua, na wale watu wakasogea karibu. Baba yangu aliuawa na radi na mimi nimefurahi. Sijui hii ni dhambi gani. Nimefurahi tu.

Nimewaulizia wengine wote kama daktari alivyotaka. Babu alikufa mzee, haoni. Baba wakubwa wapo, bado wanachunga. Shangazi mwenyewe anabeba ndoo kichwani akiongea. Hakuna aliyeanguka.

Wamenipa maziwa mgando na michembe, viazi vilivyokaushwa. Nikasema wabeja, yaani asante, neno pekee la Kisukuma nililo nalo. Wamelicheka sana nilivyolitamka. Kabla sijaondoka wamenionyesha kaburi. Lipo nyuma ya zizi, limezungushiwa miiba ng'ombe wasilikanyage. Nimesimama pale.

Jumatano, 18 Juni

Jana jioni mama alikuwa ananisubiri barabarani. Nimemwambia kabla sijashuka kwenye pikipiki. Radi, mama. Alikaa chini hapo hapo, ukingoni mwa mtaro, na kitenge chake kipya.

Leo nimemwambia na lile la pili. Kwamba wanasema hakwenda kuzika. Amekasirika, sijawahi kumwona vile.

"Nilikwenda!"

Mto ulikuwa umefurika. Wakati huo hakukuwa na daraja. Baada ya yule wa baiskeli kuvuka, kivuko kilisimamishwa, mitumbwi nayo ikagoma. Alikaa Kivukoni na mimi, tukilala kwa mwanamke muuza samaki, kila asubuhi akishuka kutazama maji. Yalipopungua akaja mtu wa ng'ambo, akasema wameshazika, na wasingependa kumwona. Nani alimtuma, hajui mpaka leo. Akageuka na mimi tukarudi.

Kivukoni ile naikumbuka. Perege wa kukaanga kila siku, mama haongei. Nilidhani tumekwenda kutembea.

Nimempigia Kulwa, akampa shangazi simu. Nimesimulia yote. Kisha akasema:

"Nipe mama yako."

Nimempa mama simu nikatoka nje. Wameongea mpaka chaji ikaisha.

Jumamosi, 21 Juni

Hakuna jipya. Hofu imepungua, haijaisha. Habari ya radi inaondoa jambo moja tu. Ukuta bado ni mnene mpaka nitakapoambiwa vingine. Mjomba Fabiani ameambiwa kila kitu. Amesema "mh", akaenda kutazama mpunga wake.

Jumatano, 25 Juni

Dar. Vipimo siku nzima. Wamenibandika nyaya kifuani, wamenipaka dawa ya baridi, wameniingiza kwenye lile bomba linalogonga gonga. Ukiwa ndani unaambiwa usipumue. Nimetii kuliko ninavyomtii refa.

Daktari ameuliza tena kuhusu baba. Nikamwambia. Aliinua macho kwenye kompyuta.

"Una uhakika?"

Nikasema nina shangazi.

Nimeipenda hiyo sentensi. Nimeirudia kimoyomoyo nikiwa nje kwenye benchi.

Majibu keshokutwa.

Ijumaa, 27 Juni

Umerudi. Ukuta umepungua.

Daktari aliweka picha mbili pamoja, ya zamani na ya sasa, akanionyesha kwa kalamu. Mimi sikuona tofauti yoyote, naona mawingu tu. Yeye aliona. Amesema ni moyo wa mtu aliyekimbia sana maishani, hakuna zaidi. Nicheze. Nipimwe kila mwaka. Nirudi mazoezini kidogo kidogo.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamshika mkono nikasahau kuuachia.

Nje nimevuka barabara mbio. Hapakuwa na gari. Nimekimbia tu.

Nimempigia mama. Nikasikia sufuria inaanguka, kisha vigelegele, kisha sauti za majirani wakiuliza kuna nini. Nilipompigia shangazi simu yake ilikuwa inatumika. Bila shaka ni mama.

Mkataba nimesaini alasiri. Kocha alisema karibu tena, nikasema asante. Sikuwa na furaha niliyoitarajia pale. Ilikuwa imeshatumika yote barabarani. Nilichobaki nacho ni usingizi mzito. Nimelala na viatu.

Jumapili, 6 Julai

Tupo kwa shangazi. Keshokutwa naanza kambi, nilitaka mama avuke kabla sijaondoka.

Mjomba Fabiani hakuja. Lakini asubuhi alituma debe la mchele mpya mlangoni. Hakusema ni wa nani. Mama ameubeba mapajani njia nzima.

Shangazi alitusubiri nje ya boma. Nilidhani watalia. Walisalimiana kwa muda mrefu, kila mmoja akimuuliza mwenzake habari za watu ambao wengine wameshakufa. Kisha walikwenda nyuma ya zizi wawili tu. Mimi na Kulwa tulibaki na ng'ombe. Sikuwatazama. Waliporudi mama alikuwa na vumbi magotini.

Sasa ni alasiri. Nimelala juu ya mkeka, naandika. Wao wapo jikoni, wanapika ule mchele, na wanabishana. Mama anasema baba hakuwa anakula samaki. Shangazi anasema alikuwa anakula, tena kambale. Mama anasema kwake hakula hata siku moja. Shangazi anasema, labda hukuwa unajua kumpika. Nikainua kichwa mkekani. Kisha mama akacheka, na shangazi akacheka, na kifuniko kikaanguka.

Bodaboda aliyetuleta alipiga honi tuondoke kabla jua halijashuka. Nimeinuka kukunja mkeka. Mama ametoa kichwa mlangoni, amemwambia dereva aende zake, aje kesho. Kisha amemgeukia shangazi akamwomba kanga ya kubadilisha.