Siku Mto Ulipoingia Firenze

Jumanne, 4 Novemba. Doha.

Joto limelegea kidogo leo, hata nimefungua madirisha ya sebuleni. Ila mawazo yangu yako Italia, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Asubuhi nilipompelekea Mama Lucia chai na mkate, aliniuliza, "Mto umefika wapi?"

Mto? Hapa mtaani kwetu, Fereej Bin Mahmoud? Nikamwambia hakuna mto, chini kuna kinyozi na duka la simu. Akageukia ukuta, akakataa kula.

Mwanawe, Bwana Marco, ndiye aliyeniajiri nimtunze. Alimleta huku kutoka mji wao wa Firenze, Italia, baada ya Mama kuanguka na kuvunjika nyonga. Mama anaomba kila mara arudishwe kwao. Marco anasema akili yake imeanza kupotea, hawezi kuishi kule. Niliposikia habari ya mto, nilidhani kweli Marco hajakosea.

Lakini mimi jambo likinitatiza situlii. Nikaketi kando ya kitanda chake. "Mama, ni mto gani huo?"

"Arno. Leo ndiyo siku yake."

Akanihadithia. Mwaka 1966, tarehe kama ya leo, Arno ulifurika ukaingia mjini na matope na mafuta ya kupashia nyumba joto. Michoro ya karne nyingi ikaloa. Maktaba ikajaa tope. Yeye alikuwa msichana wa chuo. Vijana walikuja kutoka nchi nyingi, wakajipanga kwenye ngazi, wakapokezana vitabu kutoka vyumba vya chini.

"Vingine hatukuweza hata kuvisoma," akasema. "Tulivipanguza tu."

Nikamwandama kwa maswali. Kwa nini mji mmoja uwe na sanaa yote hiyo? Akasema wafanyabiashara wa sufu na wenye benki walitajirika, kisha wakashindana kupamba makanisa. Kanisa kuu la mji walianza kulijenga kabla hawajajua watalifunikaje kwa juu. Likakaa wazi zaidi ya miaka mia.

"Hawakuogopa?"

"Waliogopa, binti yangu. Lakini waliendelea na kuta."

Akiongea hivyo, akala mkate wote.

Nilitafuta kwenye simu. Yote aliyosema yapo.

Huyu si mtu aliyepotewa na akili.

Hapo nikaanza kupiga hesabu. Mama akirudi kwao, kazi yangu imeisha, na kibali changu cha kukaa hapa kinategemea kazi hii. Ningenyamaza, nani angejua?

Marco alipotoka kazini nilimweleza. "Mama hajachanganyikiwa. Leo ni siku ya mafuriko ya Arno, na anayakumbuka yote."

Akabaki amesimama, funguo mkononi. "Alikuwepo? Sijawahi kumuuliza."

Akaingia kwa mamake, akafunga mlango. Niliwasikia wakiongea Kitaliano kwa muda mrefu, kisha Mama akacheka kwa sauti. Sikujua ana kicheko kikubwa hivyo.

Marco akatoka macho mekundu. "Tutakwenda Firenze kabla ya Krismasi. Akitaka kubaki, atabaki."

Kuhusu mimi hakusema neno. Nami sikuuliza.

Nina woga, sitajidanganya. Lakini nikiambiwa nirudie siku ya leo, nitasema yale yale.

Na kuna jambo moja bado linanisumbua: wale vijana waliotoka mbali, baada ya kuona vile vitabu vyote vikipanguzwa tope, wangapi waliweza kurudi kwao na kuendelea na maisha kama kawaida? Kesho, kabla Mama hajaanza kufikiria mizigo, nitamuuliza.