Kipima hewa kwenye kumbukumbu ya babu

Sun-ah, usicheke. Nimejifungia chooni kwa wakwe zangu.

Unakumbuka kile kipima hewa nilichomletea mama mkwe, ukasema najipendekeza? Nilikiweka sebuleni mwenyewe, nikasahau kwamba kinaongea.

Leo ni kumbukumbu ya babu yake mume wangu Gyu-min. Samaki wamekaangwa tangu asubuhi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, na udi unafuka mbele ya picha ya marehemu. Tumeinama wote, paji sakafuni, kimya.

Kikaongea. "Hewa ni mbaya sana. Tafadhali fungueni mlango."

Mbele ya babu, Sun-ah. HEWA NI MBAYA SANA.

Nilitamani ardhi inimeze. Baba mkwe akainua kichwa polepole, akaniangalia, akamwangalia Gyu-min. "Mlango alitakiwa kuufungua nani?"

Maana mlango hufunguliwa kabla hatujaanza, ili roho ya babu iingie.

Mama mkwe hata paji hakuinua. "Wewe. Miaka yote thelathini ni wewe. Baba yako kasimama nje kwenye baridi muda wote huu, na aliyemwonea huruma ni kidude cha mkweo."

Mzee kaenda na soksi zake, kafungua, kaiinamia korido tupu akaomba radhi. Upepo ukaingia, na taa ya kidude ikageuka kutoka nyekundu kuwa kijani. Nakuapia, kijani.

Sasa mama mkwe anagonga mlango wa choo. Anasema nitoke nije kula, babu ameshafika na mashine imethibitisha.