Viatu vya Kurudia Nyumbani

Misungwi, Jumamosi

Wifi Mama Nkwimba,

Salamu utazipata baadaye, sasa hivi nina hasira.

Kila kitu cha kwenda hospitali Mwanza Jumatatu kilikuwa tayari. Mdogo wake Kabula anakwenda kwa bibi yake Usagara, beseni na chupa ya chai nimeshafunga. Kabula mwenyewe nilimweleza yote: watamlaza, watamchoma sindano ya usingizi, watamnyoosha mguu, na mimi nitakuwa pale pale. Akakubali, akachagua hadi kikombe cha kunywea uji.

Halafu ukaja kumpa pole, ukarudi Sengerema na viatu vyake vipya vya shule mkobani! Eti atalazwa muda mrefu, acha Nkwimba wako avivae. Nani alikuomba?

Tangu uondoke hataki kwenda. Jana kaniuliza, "Mama, kama viatu vyangu vimeshagawiwa, mimi nitarudi kweli?"

Machungwa ya mgonjwa usilete, wifi. Jumatatu panda kivuko na hivyo viatu, uviweke mwenyewe chini ya kitanda chake cha hospitali, umwambie ni vya kurudia nyumbani. Hapo ndipo tutasalimiana.

Mama Kabula