Mioto Mbili ya Mademoiselle Nuala

Yaya Odette,

Jambo sana kutoka Kamina! Vita haijafika huku, lakini njaa ilishafika na valizi yake, kama mugeni wa kukaa.

Jana jioni infirmière wetu wa hospitali, mademoiselle Nuala wa Irlande kule Ulaya, alitualika kwenye fête, sikukuu ya bankambo yake ba zamani, Beltane, kukaribisha joto. Joto, mwezi wa tano, wakati siye tunatafuta mablanketi! Kwao banapitisha ngombe katikati ya mioto mbili ili zilindwe mwaka muzima. Zetu basoda ba base ya jeshi balishazikula, basi tukapitisha mbuzi ya pasteri. Na kwa akili yetu nyingi, tukawasha mioto karibu na base.

Basoda kumi bakafika mbio.

"Munaita ndege ya adui na hii mioto?" serjenti akauliza, bunduki kwenye kifua yangu.

Nuala akajibu na Kiswahili yake ya kuvunjika: "Muntu kupita hapa, hapana kufa mwaka huu."

Serjenti akashusha bunduki. Akavua kofia, akapita katikati ya mioto. Basoda bake bote bakamufuata, mumoja mumoja, pole pole.

"Kesho banatupandisha treni, tunaenda kupigana," akaniambia.

Hata miye, mwenye kucheka kila kitu, sikucheka.

Yaya, unikumbatilie Mama. Mutuombee, na ule serjenti pia.

Mudogo wako,
Célestin