Fomu Inataka Anwani

Dada yangu Odessa,

Natumai miguu imeacha kuvimba na kwaya bado inakutegemea. Mimi sijambo. Jumapili tulipewa mkate wa mahindi mkavu kama tofali. Wewe ungemrushia mpishi.

Ile sheria mpya ya wafungwa wazee imenifikia. Tangu Oktoba nimesamehewa miaka iliyobaki, ila sitoki mpaka nionyeshe nyumba nitakayolala. Umeniambia mwenye nyumba wako huko Memphis kasema ukimpokea mtu aliyefungwa, mnatoka wote. Basi usibishane naye, na jina langu usiliandike popote. Na usilie, nakujua.

Hosteli ya kanisa imejaa. Shangazi Verna hapokei simu. Jana nilichoka, nikajaza kwenye fomu ya kutoka anwani ya hapa hapa gerezani, maana ndiyo pekee niliyokuwa nayo miaka thelathini na mmoja.

Karani akanirudishia fomu huku anacheka. "Mzee Lucius, hii haikubaliki bwana. Hapa wanakaa wafungwa. Wewe uko huru."

Nikaichukua, nikarudi selo, mlango ukafungwa.

Kaka yako asiyekusahau,
Lucius