Kiwiko Changu Kwenye Skrini

Alhamisi jioni, Sori

Bado siamini kwamba ule mfupa niliouona ukitembea ni wangu.

Tangu nianguke na bodaboda nikiwa msichana, kiwiko changu cha kulia huteguka ovyo. Nikijisukuma kuinuka kitini, kinatoka. Nikikamua nguo, kinatoka. Nakirudisha mwenyewe, naendelea na kazi.

Leo kule Homa Bay daktari aliuweka mkono wangu chini ya eksirei inayoonyesha mifupa ikitembea. Akaukunja taratibu, akauzungusha kidogo. Mfupa ukateleza mbele ya macho yangu, kisha ukarudi mahali pake. Hata Odhiambo, mume wangu, ambaye hospitalini huwa hasemi neno, alisema, "Yawa! Kumbe ndiyo hiyo?"

Daktari akatuonyesha ncha iliyovunjika zamani. "Kano inayofunga mifupa hapa ilikatika, mama, na haikushika tena. Misuli ndiyo imekishikilia kiwiko miaka hii yote."

"Bila kuambiwa?" nikauliza.

Akacheka. "Bila kuambiwa."

Nimebeba maji kwa mkono huu. Nimelea watoto watatu. Na mimi kila siku nauita mbovu, kumbe...

Wanataka kunipasua, waweke kano nyingine. Naogopa dawa ya usingizi, naogopa nisiamke. Nimekubali hata hivyo.

Tulipofika nyumbani niliushika mkono huu kwa ule wa kushoto, nikauambia kwa sauti, "Erokamano." Asante. Odhiambo alisikia, na hakucheka.